Matamvua ya Bega la Kulia

Jumapili, 18 Agosti 2019. DeSoto, Texas.

Picha za jana zimeingia kwenye simu ya Yasinta. Nimezipitia kwa miwani, kisha bila miwani. Simo.

Nisidanganye. Nimo kwenye moja. Bega la kushoto, suti ya kahawia, pembeni kabisa karibu na deli la barafu. Kichwa kimeachwa nje. Yasinta, mke wangu, anasema alinitambua kwa suti.

Na katikati ya kila picha yuko nani? Godefroid. Baba yake Gracien, kijana anayemuoa binti yetu Precious. Nilimdhania mtu mpole, Mkongo wa Haltom City anayefanya kazi ghalani na kukohoa kwa adabu kabla ya kusema. Jana kwenye kujitambulisha akaingia sebuleni kwangu amevaa koti jekundu la bendi ya matarumbeta ya kanisa lao. Mabegani ana vibao vya dhahabu vyenye matamvua marefu yanayoning'inia. Vina jina: epoleti. Dada zake Yasinta wakataka picha naye. Mchungaji akataka picha naye. Mimi mwenye nyumba, mwenye binti, mwenye mbuzi aliyeliwa, nikashikishwa simu niwapige.

Precious ndiye mtoto wetu pekee. Tarehe 12 Oktoba, huko Houston anakofanya kazi, nitamshika mkono nimpeleke mpaka madhabahuni. Jambo hilo nimelisubiri tangu siku niliyombeba mara ya kwanza akanitapikia begani. Siku hiyo sikatwi kwenye picha na mtu yeyote. Nimeshaamua.

Yasinta anasema sisi watu wa Bukoba tuna ugonjwa wa kioo. Yeye ni wa Mbinga. Huko wanavuna kahawa na kunyamaza.

Jumamosi, 24 Agosti. Haltom City.

Nimekwenda kupeleleza. Nilimwambia Godefroid nakuja kupanga msafara wa Houston. Akafurahi, masikini, akanikumbatia mbele ya bendi nzima. Walikuwa wakifanya mazoezi nyuma ya kanisa.

Nimeona jambo kubwa. Wapigaji wote wana matamvua bega la kushoto tu. La kulia ni kibao kitupu. Mwenye matamvua pande zote mbili ni Godefroid peke yake. Nikauliza. Akanieleza kwa furaha kwamba ndivyo wanavyomjua chef, yaani kiongozi wa bendi. Wapiga ngoma na yule mwenye tarumbeta kubwa wako nyuma, uso hawauoni, kwa hiyo hufuata mabega. Chef akiinua mkono, wanaanza. Akiinua yote miwili, wanaongeza nguvu. Akitembea, wanamfuata, hata akiwapeleka ukutani.

Kuna na namna ya kuwasimamisha. Akanieleza pia, lakini wakati huo nilikuwa nasugua tamvua lake kwa vidole bila yeye kujua. Ni plastiki. Charlotte, mkewe, ndiye huyashona.

Kumbe watu wamejipanga kupigwa picha na plastiki. Nimerudi DeSoto nikiimba njia nzima.

Jumamosi, 7 Septemba. Fort Worth.

Mungu yupo. Kulikuwa na nyumba inauza vitu vya marehemu, mzee mmoja aliyekuwa mkusanyaji. Nilikwenda kutafuta viatu. Kwenye kabati la vikombe nikakuta kijisanduku cha bati, ndani kitambaa chekundu cha mahameli, na juu yake epoleti mbili. Za kweli. Zimefumwa kwa uzi wa dhahabu mzito. Mpwa wa marehemu akasema ni za ofisa wa Kikosi cha Walinzi wa Kaizari, wale wa Napoleoni, Ufaransa. Zina zaidi ya miaka mia mbili.

Bei siiandiki hapa, maana Yasinta anajua shajara hii inakaa wapi.

Kasoro ni moja. Epoleti ya kushoto ina matamvua mazuri, membamba, yamejaa. Ya kulia haina hata moja. Kibao kitupu, kama cha mpiga ngoma wa Haltom City. Nikamuuliza yule mpwa yamekwenda wapi. Hajui. Anafikiri labda nondo.

Nondo gani hula upande mmoja tu, tena kwa mstari ulionyooka hivi? Lakini sikubishana naye. Kilichopungua hurekebishwa. Siendi Houston na bega la mpiga ngoma.

Jumanne, 10 Septemba.

Nimeazima maktaba kitabu kikubwa cha sare za Walinzi wa Kaizari. Kina uzito wa mtoto wa miaka miwili. Nasoma ofisini kati ya mteja na mteja. Leo mama mmoja alikuja kukata bima ya gari akaondoka anajua tofauti kati ya vifungo vya wapanda farasi na vya askari wa miguu.

Hawa walikuwa wanaume. Hukuingia kikosini mpaka uwe umeshapigana vita na una kimo. Masharubu yalikuwa lazima. Wengi walivaa na hereni za dhahabu. Wale wakongwe walikuwa na ruhusa ya kunung'unika mbele ya Kaizari mwenyewe, wakaitwa Wanung'unikaji, nalo lilikuwa jina la heshima. Nimemsomea Yasinta sehemu hiyo. Akasema kikosi hicho anakifahamu, analala nacho.

Masharubu nimeyaanza leo. Hereni imekataliwa. Yasinta ni muuguzi, nilimwomba anitoboe sikio moja tu, hapo mezani. Akasema atanitoboa kitu kingine.

Kofia zao nazo. Za manyoya ya dubu, zimesimama kama pipa juu ya kichwa. Nimeziangalia mpaka chai ikapoa.

Sura ya vyeo ina maandishi madogo mno na haina picha. Nimeiruka. Nitairudia.

Jumapili, 15 Septemba.

Siku mbaya. Precious amekuja kututembelea kutoka Houston, akanikuta mbele ya kioo na suti nyeusi ya harusi. Epoleti zilikuwa mabegani, nimezishikilia kwa mipira ya kufungia pesa. Alianza kwa Kiingereza. Precious akiwa amekasirika kidogo huongea Kiingereza. Akikasirika kweli hurudi kwenye Kiswahili. Leo alirudi.

Akanikumbusha graduation yake, nilipopuliza vuvuzela mpaka mlinzi akanitoa nje, nikakosa kuona akipewa cheti. Akanikumbusha mashindano ya mbio shuleni, nilipokwenda na filimbi yangu mwenyewe. Akasema kila siku yake kubwa hugeuka kuwa siku yangu. Akasema anataka baba amshike mkono, hataki soldier. Nikija na kitu chochote mabegani, Mama ndiye atakayempeleka madhabahuni. Amesha-decide. Kisha akalia, na Precious halii ovyo.

Iliniuma. Nilimshika mikono nikamwambia nitavaa suti nyeusi, na kwenye gari hataona kitu chochote mabegani mwangu. Akanibusu shavuni.

Nimekaa nikaisoma upya ahadi yangu. Nimeahidi habari za kwenye gari. Baada ya gari hatukuongea.

Alhamisi, 26 Septemba. Haltom City, kisha nyumbani kwa aibu.

Nimerekebisha epoleti. Niliwaza kununua uzi wa dhahabu, nikaona utakuwa mpya mno, utajulikana. Nikapata wazo la haki: kugawa. Nikachukua mkasi wa jikoni nikakata nusu ya matamvua ya kushoto niyahamishie kulia. Matokeo yake zote mbili zikawa na ndevu za mzee mgonjwa.

Zilihitaji kujazwa. Pazia la sebuleni lina matamvua ya rangi ya dhahabu chini, yamejificha nyuma ya kochi, hakuna ayaonaye. Nikakata kipande.

Kushona kukanishinda. Nilijidunga mpaka kidole cha tatu. Ninayemjua mwenye cherehani na mkono wa kazi hii ni mmoja tu, naye ni mke wa adui. Nikaenda. Nikamwambia Charlotte ni mapambo ya keki.

Charlotte alizigeuza, akazinusa. Akasema, Papa Precious, hii ingine ni ya rideau, ya pazia. Nikasema keki za Tanzania ndivyo zilivyo. Hakuuliza tena. Akanipa chai na mandazi, akashona taratibu: dhahabu ya kweli yote upande wa kushoto akaibana vizuri, ya pazia akaipeleka kulia. Nikamwomba asimwambie Godefroid. Akajibu kwamba bwana yake hawezi kumficha kitu, ila atamwambia kwa uzuri. Sikupenda jibu hilo.

Sasa ziko sawasawa. Mabega mawili, matamvua mawili. Nilizivaa garini nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, na dereva wa lori akanipigia saluti.

Jioni Yasinta alivuta kochi kutafuta rimoti. Sitaandika aliyoyasema. Nimeapishwa kwa mkono juu, naandika maneno yenyewe ili baadaye nisibishiwe: Mimi Wilfred Kamugisha sitakigusa tena kwa mkasi kitu chochote cha nyumba hii.

Ijumaa, 11 Oktoba. Houston, hotelini.

Tumefika salama. Msafara ulisimama Madisonville watu wakanywe kahawa, bendi ikapiga wimbo mmoja kwenye maegesho, watu wasiotujua wakacheza. Godefroid aliniita mara mbili pembeni, anataka kunionyesha kitu. Nilijua anachotaka kuonyesha: matamvua yake. Nikajifanya nina simu.

Kibaridi kimeingia ghafla. Ni bahati. Kesho koti refu halitamshangaza mtu.

Mchana niliponyoka. Kulikuwa na maonyesho ya vitu vya kale vya kijeshi, na nilitaka mtaalamu mmoja tu atamke kwamba vyangu ni vya kweli, nitembee na neno hilo kesho kichwani. Nikampata mama mmoja Mzungu mwenye glavu nyeupe na lenzi. Akaichukua epoleti ya kushoto. Akaishiwa pumzi kidogo. Akasema ni ya kweli, ya ofisa wa Walinzi wa Kaizari, kapteni. Akasema matamvua yamepungua lakini ni yenyewe.

Kisha akaichukua ya kulia. Akaweka lenzi chini. Akaniuliza hiki ni nini.

Nikamwambia ni pazia.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanieleza polepole, kama mtu anayepeleka habari za msiba, kwamba kapteni wa Kifaransa wakati ule alivaa matamvua bega la kushoto tu. La kulia lilitakiwa kuwa tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya cheo chake. Zilipokuwa sandukuni hazikupungukiwa kitu. Akauliza nani kazifanya hivi. Nikamwambia ni kazi ya mtaalamu wa Haltom City.

Nilirudi garini nikakaa. Kitu kilichopita kwenye vita na barafu na kuvuka bahari, mimi nimekimaliza kwa mkasi wa kukatia bamia. Nilijisikia mjinga, nikajisikia mwizi pia, ingawa sijui nimemwibia nani.

Kitabu cha maktaba kilikuwa kiti cha nyuma. Nikafungua ile sura ya maandishi madogo. Yamo yote, neno kwa neno. Nikasoma na mstari unaofuata. Mwenye matamvua pande zote mbili ni kanali.

Nikasoma tena. Kanali.

Kwa maana hiyo sijaharibu. Nimepandishwa cheo.

Jumamosi, 12 Oktoba. Asubuhi.

Suti nyeusi imepigwa pasi. Epoleti zimekaa, vifungo sita, hazitoki. Koti refu juu yake. Masharubu yamechanwa. Precious amepita mlangoni kwangu akiwa bado na rola kichwani, akaona koti, akapapasa mabega yangu kwa mzaha. Nikamwambia ni pedi. Akacheka. Akasema, asante Baba, I know haikuwa rahisi. Nilitamani kuzivua saa hiyo hiyo. Kweli nilitamani.

Nitavua koti tukishafika tu, dakika ya kushuka. Akiziona jinsi zilivyo, za dhahabu ya kweli, atanielewa. Atajivunia.

Godefroid amepiga simu. Sikupokea. Amepiga tena. Anataka kunitisha kabla ya mechi.

Jumapili, 13 Oktoba. Houston.

Naandika yote kama yalivyotokea.

Tulifika kanisani. Bendi imejipanga mistari miwili kwenye maegesho, makoti mekundu, matarumbeta yanang'aa. Mbele yao hakuna mtu. Nikamtafuta Godefroid. Nikamwona kwenye mlango wa kanisa, amevaa suti ya kahawia. Mabega matupu. Nikasema moyoni, amesalimu amri.

Nilishuka wa kwanza. Precious alikuwa bado ndani ya gari, Yasinta anamwekea shela sawa. Nikavua koti. Na jua, ambalo halikuonekana asubuhi nzima, likatoka. Epoleti zikawaka. Bendi nzima ikageuza macho kwenye mabega yangu.

Nikainua mkono kuwasalimu wakwe.

Ngoma zikalia. Matarumbeta yakafuata. Nikashtuka. Wimbo ulitakiwa uanze Precious akishuka. Nikainua mikono yote miwili, kuwaomba wangoje. Wakaongeza nguvu. Mpiga ngoma kubwa alifunga macho kwa raha. Nyuma yangu nikasikia dirisha la gari likishushwa na sauti ya Precious ikiita Baba, mara moja, kwa Kiswahili.

Nikaona wa kuniokoa ni Godefroid. Nikaenda kumfuata pale mlangoni. Bendi ikanifuata. Nikaharakisha, ikaharakisha. Yasinta alitoka garini mbio na koti langu mkononi, anifunike, akakwama nyuma ya lile tarumbeta kubwa. Godefroid alivyoniona nakuja na kikosi nyuma, uso umekaza, akadhani ndivyo nilivyopanga. Akasogea pembeni akanipigia saluti. Wahudumu wakafungua milango yote miwili.

Kanisa zima likasimama. Vigelegele. Simu juu. Sikuweza kusimama, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na tarumbeta, na sikuweza kugeuka, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Nikatembea mpaka madhabahuni. Gracien alikuwa na kitambaa machoni tayari, ameambiwa alie bibi harusi akitokea. Alipokitoa akaniona mimi na masharubu.

Nikageuka, nikatandaza mikono niwaeleze watu. Bendi ikaingia ubeti wa pili.

Gracien amekulia kwenye bendi ile. Akaniinamia sikioni akasema, Baba, mkono kifuani. Nikaweka mkono kifuani. Kimya.

Na katika kimya hicho ndiyo Precious akaingia. Ameshikwa mkono na Godefroid, ndani ya suti yake ya kahawia. Godefroid alikuwa amemwona amebaki peke yake garini, akamwendea. Hakuna aliyepiga wimbo, maana mkono wangu ulikuwa kifuani na sikuthubutu kuutoa. Kilichosikika ni viatu vyake tu. Precious hakuniangalia. Aliangalia mbele, kidevu juu, na mimi nilimtazama akija kwa urefu wote wa lile kanisa, njia ambayo nilikuwa nimeisubiri miaka yote, nikiwa nimesimama upande usio wangu. Iliniuma pale pale mkono ulipokuwa.

Walipofika, Godefroid akakohoa. Akautoa mkono wa Precious mkononi mwake akauweka kwenye wangu. Kisha akarudi nyuma. Kutoka hapo mpaka kwa Gracien ni hatua moja. Nikampeleka hiyo hatua moja. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, ila alinibana kidogo. Au niliota.

Ukumbini nilichagua meza ya pembeni. Godefroid alikuja na sahani yake ya pilau akaketi karibu yangu. Akaniambia, Papa Precious, nilikupigia simu asubui, haukukamata. Nilitaka kukuonyesha ya kusimamisha. Kumbe Charlotte alimwambia kwa uzuri, kama alivyoahidi: kwamba mkwe anatamani mabega. Basi Godefroid akavua ya kwake, akaiambia bendi, leo chef ni Papa Precious, mufuate mabega yake. Ile suti ya kahawia aliinunua makusudi. Aliona nimevaa kama hiyo siku ya kujitambulisha akaipenda.

Nilijisikia vibaya pilau yote, mpaka kachumbari.

Baadaye Precious alikuja kunitoa tucheze. Sikutegemea. Nilicheza mikono chini, nisije nikawaamsha wale. Akaniambia nimemwacha kwenye parking lot siku ya harusi yake. Nikasema ndiyo. Akasema hiyo story watoto wake wataisikia mpaka wachoke. Akaweka mkono begani kwangu, la kulia, na tamvua likabaki mkononi mwake. Akaliangalia. Akauliza kama hili si lile pazia la sebuleni alilokuwa anajificha nyuma yake akiwa mdogo. Nikasema ndilo. Akacheka mpaka shela ikaenda upande, na akalichomeka lile tamvua kwenye maua yake. Nililia kidogo. Nilisema ni bizari.

Bega la kushoto halikutoka hata uzi. Niliandike hilo pia.

Jumamosi, 19 Oktoba. DeSoto.

Picha za harusi zimefika. Nimekaa nazo tangu asubuhi.

Iliyo bora ni moja, na kila mtu anasema hivyo. Imepigwa kutoka madhabahuni. Kwa mbali, katikati, Precious anakuja na Godefroid. Na mbele kabisa, pembeni, kubwa, linang'aa, bega langu la kushoto. Dhahabu ya kweli. Kila uzi unahesabika. Precious amesema ataitundika sebuleni kwake.

Kichwa kimekatwa.

Nimelitafakari jambo hili bila hasira, kama ofisa. Mabega yamefanya kazi yake. Hakuna anayeweza kuyalaumu. Siku ya kujitambulisha lilionekana bega, siku ya harusi limeonekana bega. Tatizo halijawahi kuwa mabegani. Tatizo ni juu ya mabega. Nimerudi kwenye kitabu, ukurasa wa kofia. Manyoya ya dubu, wima, imesimama kama pipa. Mtu aliyevaa ile kofia huwezi kumkata kichwa hata ukitaka. Utaishia kukata dari.

Godefroid amepiga simu. Nimepokea, mara ya kwanza ilipoita. Tarehe 2 Novemba anafanya sherehe ya shukrani Haltom City, familia zote mbili, na mpiga picha. Akaniomba nije vile vile nilivyo. Mtu mwema sana. Nikamwambia nitakuja vile vile, na zaidi kidogo.

Dubu hawapatikani DeSoto, nimeuliza. Lakini upande wa kitanda anakolala Yasinta kuna zulia dogo jeusi, lina manyoya marefu, na yeye yuko zamu mpaka kesho jioni. Nimelipima kwa kulizungushia kichwani. Linatosha, na linabaki la kufunga kidevuni.

Nimefungua ukurasa wa tarehe 26 Septemba nikasoma kiapo changu kwa makini, neno kwa neno. Kinataja mkasi. Wembe haukutajwa.